Waliokimiliki Kitabu cha Mitishamba

Kitabu kiliingia nyumbani kwa Walburga Stöckl Jumatatu ya Wiki Kuu, kimeviringishwa ndani ya shuka ya mtoto, na tangu kilipowekwa mezani Walburga hakutaka kukipa mgongo. Alimenya viazi amekaa upande, jicho moja kwenye kisu, jingine kule.

"Kiko kama nguruwe aliyelala," alisema.

"Ni ngozi ya nguruwe kweli, Mama," alijibu binti yake Veronika, akifungua vifungo vya shaba. "Ina miaka mia nne na ushee. Haikuumi."

"Sijasema inaniuma. Nimesema iko kama nguruwe."

Veronika alifanya kazi Regensburg kwa muuza vitabu vya kale. Kazi yake ilikuwa kukitafutia kitabu ukoo wake: nani alikinunua kwanza, kikaenda kwa nani, kikalala wapi wakati wa vita, mpaka kimfikie mwenye kukiuza leo. Matajiri wanaokusanya vitabu wanapenda kujua hayo kama wanavyopenda kujua ukoo wa farasi. Hiki kilikuwa kitabu cha mitishamba, cha zile siku za mwanzo mashine za kuchapa zilipokuwa bado jambo la kushangaza, chenye picha zilizochongwa kwenye mbao kisha zikapakwa rangi kwa mkono. Na kwenye jani la kwanza, lile lisilo na maandishi ya mchapaji, walikuwa wameandika majina wanawake watano, mmoja chini ya mwingine, wino wa kahawia ukizidi kuwa mweusi kadiri unavyoshuka.

"Wanne nimeshawapata," Veronika alimwambia mama yake. "Huyu wa chini, Theres, mke wa mwenye baa. Kabla yake Kunigunda, kabla yake Euphrosina, kabla yake Sabina. Bado huyu wa juu kabisa, Apollonia. Ameandika kijiji chake, Mama. Ni hiki chetu. Ndiyo maana nimekuja na kitabu chenyewe, paroko akubali kunifungulia madaftari yake ya zamani."

"Mimi nilidhani umekuja kula Pasaka na mama yako."

"Na hilo pia."

Mjukuu, Afra, binti ya Veronika mwenye miaka mitano, alikuwa chini ya meza akiwavisha viazi mabaki ya uzi. Walburga alimsukuma taratibu kwa mguu asikae chini ya kile kitabu. Hakujua kwa nini alifanya hivyo.

"Na hao wanne walikuwa ndugu?" aliuliza.

"Hapana. Hilo ndilo linalonichosha. Hakuna hata mmoja aliyemrithisha wa kwake. Sabina alikitoa kwa mtu wa kijiji cha mbali. Euphrosina vivyo hivyo. Kunigunda alimpa mchuuzi aliyekuwa akipita njia, na alikuwa na mabinti wawili ndani ya nyumba."

Walburga aliacha kumenya. Kitabu kama kile, chenye dawa za homa na za kuharisha na za maziwa yasiyotoka, mama humpa binti yake siku anapoolewa. Humpa pamoja na shuka na masufuria. Hakuna mama anayempa mchuuzi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sijui. Kila mmoja alikitoa baada ya kuzika mtoto. Pengine hawakutaka tena kuona dawa ambazo hazikusaidia."

"Wote wanne?"

"Mama, zamani hizo kila nyumba ilizika mtoto."

"Wote wanne, Veronika?"

"Wote wanne. Mmoja Machi, mmoja Aprili mwishoni, wengine katikati. Hakuna tarehe zinazolingana, nimeshaangalia. Usinikodolee macho."

Veronika akakiacha kitabu kijifungue. Hakukilazimisha, mgongo wake ulikuwa umevunjika mahali pamoja kwa kufunguliwa sana, na hapo kikaanguka chenyewe, kama mlango uliozoea. Palikuwa na picha ya majani tu, mapana, yenye ncha, yasiyo na ua. Rangi ya kijani ilikuwa imetiwa nzito mpaka ikawa inakaribia weusi. Veronika aliweka kidole juu ya zile herufi za kale akasoma polepole: jani hili husafisha damu ya mtoto baada ya baridi, lichumwe kabla ya jua, bila kutamka neno, lipikwe supu.

"Ah, saumu mwitu, kile kitunguu saumu cha msituni," alisema Walburga. "Mbona hata sisi tunachuma hivyo hivyo."

Lakini aliendelea kuitazama ile picha. Kulikuwa na kitu pale kisichokaa sawa, kama uso wa mtu unayemfahamu aliyenyoa nyusi. Majani yalikuwa yamekumbatiana yote kwa pamoja yakitoka ardhini, hayakuwa na vijiti, vile vikonyo vya kushikia jani. Alitazama mpaka Afra akamvuta aproni, na hata alipoondoka, alipofumba macho kitandani usiku ule, lile kumbatio la kijani lilikuwa bado lipo.

*

Alhamisi Kuu watu wa kule huiita Alhamisi ya Kijani, na hakuna jiko la kijijini lisilopika supu ya majani siku hiyo. Majani yenyewe huchumwa alfajiri, kando ya mto, pale msitu unapokutana na malisho yenye maji. Mchumaji hasemi. Hamsalimu mwenzake wala hamtazami usoni, kwa sababu, wanasema, jani lililosemeshwa linapoteza nguvu. Ili ulimi usiteleze, kila mmoja huweka kokwa ya plamu mdomoni. Afra alipewa yake kwa mara ya kwanza mwaka ule, akaona fahari, shavu limetuna.

Veronika hakwenda. Paroko alikuwa amemwahidi madaftari asubuhi ile, kabla ya ibada.

Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Wanawake walionekana migongo tu, mmoja hapa, mwingine kule, wameinama, vikapu ubavuni. Walburga alichuma chache karibu na njia, majani ya kweli, yanayonuka saumu mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamwona mbele yake Zenzi, jirani yake, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, nyonga moja imeshuka kama kawaida yake. Zenzi ndiye aliyejua sehemu nzuri, na kwa miaka yote hakumwonyesha mtu. Leo alikwenda polepole, akisimama kila mara, kama anayemsubiri mtu amfikie.

Walburga akamfuata.

Walishuka mpaka karibu na maji, ambako miti inaisha. Pale majani yalikuwa tele, mapana, laini, yamesimama kwa mafungu. Ule mgongo ukainama, ukachuma, ukasogea kando kidogo, kama mtu anavyompisha mgeni kwenye benchi. Walburga akainama pale pale. Akalileta jani la kwanza puani: saumu. La pili: saumu. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kulowa saumu tangu kule njiani, na mkono ukishashika jani moja la kweli, kila jani linalofuata litanukia hivyo, hata liwe la nini. Mama yeyote wa kule angekuambia hilo kama ungemuuliza mezani. Pale kwenye ukungu Walburga hakuwa anajiuliza kitu. Mikono yake ilikuwa ikiyaona majani yaliyokumbatiana, na mikono ikaridhika, kwa sababu ndivyo yalivyochorwa.

Afra alimvuta sketi. Alinyoosha kidole kuelekea ule mgongo. Walburga akatikisa kichwa: hapana, hatutazami. Mtoto akavuta tena. Walburga akamgeuza kwa bega, na wakajaza kikapu.

Jua lilipotoka wanawake wakatema kokwa zao na kucheka, kila mmoja akisema yote aliyokuwa ameyabana. Zenzi hakuonekana. Walburga alidhani ametangulia, maana si mtu wa kupenda kuulizwa kikapu chake kina nini.

"Bibi," alisema Afra njiani, "yule bibi hana viatu."

"Nani, Zenzi? Zenzi ana viatu vingi kuliko akili."

"Alikuwa peku. Na miguu yake ilikuwa ya bluu."

"Ni soksi hizo."

"Soksi zina vidole?"

Njia ilikuwa bado na jalidi, nyasi zikivunjika chini ya viatu vyao kama vioo vyembamba.

*

Mchana supu ilikuwa jikoni ikichemka. Walburga alikatakata majani yote pamoja, ya upupu na yale machachu na yale mapana, akatia siagi na unga, akaonja. Chungu kidogo. Akatia malai ya maziwa. Akaonja. Akatia chumvi, akaonja tena, akafikiri ni majani ya upupu yamezeeka. Akampakulia Afra katika bakuli lake lenye jogoo, akamfunga taulo shingoni.

"Puliza kwanza, ni moto."

Mlango ukagongwa kwa fimbo na Zenzi akaingia bila kungoja, bakuli tupu kwapani. Ni desturi, aliyetangulia kupika humpa jirani.

"Naona mwaka huu umenitangulia, Burgi. Nipe hiyo supu yako ya masikini, halafu nitakuambia ina kasoro gani."

"Kaa chini, mchoyo wewe. Leo ndiyo umenionyesha sehemu yako, halafu unakuja kudai na supu."

"Sehemu yangu ipi?"

"Ya kule mtoni. Ulinipisha mwenyewe. Nilidhani umekaribia kufa, umeanza kutoa sadaka."

Zenzi alijishusha kwenye kiti akiugua, mguu mmoja umenyooka. "Burgi, mimi nyonga imenishika tangu Jumapili ya Matawi. Sijafika hata bandani kwa kuku. Leo nimeamka saa tatu, na hapa nimetambaa nikishika ukuta. Mtoni nimefika na miguu ya nani?"

Walburga alimtazama Zenzi, akaitazama ile fimbo, akatazama viatu vyake vya kitambaa vya ndani ya nyumba. Kisha akasikia Afra akipuliza. Pfuu. Pfuu. Kijiko kilikuwa kwenye midomo ya mtoto.

Alikipiga kofi. Supu ikamwagika juu ya meza, juu ya taulo, juu ya mkono wa mtoto. Afra akapiga kelele.

"Umekula? Umemeza?"

"Bibi, umeniunguza."

"Umemeza, Afra? Sema."

"Bado ni moto!"

Walburga alikivuta kikapu kutoka chini ya sinki. Yalikuwa yamebaki mafungu machache. Akanusa: saumu. Akanusa viganja vyake: saumu. Akamimina siki mikononi, akasugua kwa chumvi mpaka ngozi ikawaka, akaosha, akachukua fungu jipya na kulipasua katikati. Halikunuka kitu. Lilinuka maji tu. Majani yalitoka shina moja, yamekumbatiana, hayana vijiti.

"Mwali uchi," alisema Zenzi kwa sauti ndogo. Ndivyo wanavyoliita kule lile ua la zambarau linalochanua malishoni wakati wa vuli bila jani hata moja, na majani yake hutoka masika bila ua, peke yake, kama yanalitafuta. Ng'ombe huyakwepa. "Burgi, wewe unachuma tangu ukiwa msichana. Wewe? Wewe uchume mwali uchi?"

"Nilionja," alisema Walburga.

"Mara ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa napika."

Veronika aliingia wakati huo huo, amekimbia, koti halijafungwa, na uso wake ulikuwa tayari mweupe kabla hajaona meza. Aliangalia bakuli, akamwangalia mtoto.

"Hajala," alisema Walburga. "Hajala hata tone. Mimi nimeonja."

*

Kwenye gari, njia nzima mpaka hospitali, Veronika aliendesha huku akisema bila kuacha. Afra alikuwa nyuma na Zenzi, ambaye hakukubali kuachwa.

Apollonia alikuwa mke wa mwenye nyumba ya kuogea, alisema Veronika, mtu wa kutibu meno na majipu. Alikuwa wa kwanza kijijini kumiliki kitabu kilichochapwa. Masika ile aliwaita wanawake wenzake akawafungulia picha, akawaambia hili ndilo jani. Mchongaji kule karakana alikuwa amekosea ubao, akaweka jani moja mahali pa jingine, na nani angebishana na kitabu. Mtoto wake alizikwa Jumamosi Kuu. Wengine wawili baada yake. Watu walimtoa nyumbani akiwa katika vazi la kulalia, wakamfukuza kwa mawe mpaka mtoni. Paroko wa enzi zile hakuandika kwamba alivuka.

"Hivyo hivyo peku?" aliuliza Walburga.

"Hivyo hivyo. Kwa nini?"

Walburga aligeuka nyuma akamtazama Afra, aliyekuwa akiitazama miguu yake mwenyewe.

"Na wale wengine, Mama. Nilikuwa natazama tarehe, na tarehe hazikulingana. Lakini Pasaka inahama kila mwaka. Paroko wa hapa hakuandika tarehe, aliandika sikukuu, ndipo nikakumbuka. Ijumaa Kuu. Jumapili ya Pasaka. Jumatatu ya Pasaka. Wote wanne, katika siku hizo hizo. Walipika supu." Alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Nisichoelewa ni vipi hawakujua. Kitabu kilikaa na Euphrosina miaka mingi baada ya..."

"Walijua."

"Unajuaje?"

"Mama anajua alichompikia mtoto wake," alisema Walburga. "Ndiyo maana hawakuwapa mabinti zao."

"Basi si wangeandika neno! Pale pembeni ya picha. Wino walikuwa nao, majina wameandika."

"Waandike nini? Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu? Halafu jirani asome? Wao walikuwa wameshasikia Apollonia alifanywa nini." Aliegemeza kichwa kwenye kioo. "Walinyamaza tu, wakakisukuma kwa mwingine."

Sumu ile haina haraka. Ilimwacha jioni nzima akidhani ameponea, ikaja usiku. Siku ya pili alipata nafuu, akaomba hata chai, na daktari hakufurahi kama Veronika alivyofurahi. Ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya. Jumapili ya Pasaka Walburga hakusikia kengele hata moja. Alikuwa mahali penye ukungu, alisema baadaye, na watu wameinama, na kila alipotaka kuwaambia kitu mdomo wake ulikuwa umejaa kokwa.

Hakufa. Nywele zilimtoka zote, zikabaki kwenye mto kama kiota kilichoanguka.

Veronika aliandika historia ya kitabu kama alivyotumwa, kisha akaandika na ambayo hakutumwa: watoto wote kwa majina yao, supu, na ile picha ilikuwa ya nini hasa. Bosi wake alitaka sehemu hiyo itolewe, mnunuzi ataogopa. Hakuitoa. Halafu akafanya jambo ambalo katika kazi ile ni sawa na padri kutema mate altareni. Alichukua kalamu ya wino akaandika pembeni ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa zinazosomeka: *Hili ni mwali uchi. Linaua. Usimpikie mtoto.* Alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo.

*

Alhamisi ya Kijani iliyofuata, Walburga alibebewa kigoda mpaka kando ya mto. Afra alibaki nyumbani pamoja na mama yake. Walburga alikuwa amejifunga kitambaa cha sufu, maana nywele zilikuwa zimerudi laini kama za mtoto mchanga na baridi ilipenya. Ukungu ulikuwa ule ule. Wanawake waliinama, mashavu yametuna.

Naye akaanza kusema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye jikoni kwake. Alisema mwaka jana nilichuma mwali uchi, mimi, mwenye umri huu, nikakaribia kumlisha mjukuu wangu wa pekee. Kulikuwa na minong'ono, kisha mtu akatema kokwa yake.

"Walburga, unatuharibia majani."

"Yaharibike. Wewe ni nani, Rosina? Nionyeshe kikapu."

"Mwendawazimu huyu," alisema mwingine.

"Wewe Philomena, nawe njoo. Na usininusishe mkono wako, pasua jani."

Zenzi, ambaye nyonga yake ilikuwa imepoa, alitema yake kwa kishindo. "Mpeni basi avione hivyo vikapu, la sivyo ataimba, na mimi nimeshamsikia akiimba."

Wakacheka, wakaja mmoja mmoja, wengine kwa hasira. Walburga aliwaita kwa majina, na kila aliyeitwa aliitika na kupanda mteremko hadi kwenye kigoda. Akapasua majani yao, akayatenganisha kwa kidole, mpaka wote wakawa wamesimama kumzunguka, na hakukuwa na jina lililobaki.

Kule chini, karibu na maji, mgongo mmoja ulikuwa bado umeinama.

Zenzi aliufuata mtazamo wake. Alimshika Walburga bega, na wanawake wengine, bila kuambiwa, wakasogeleana.

"Apollonia," aliita Walburga. "Dada, sikiliza. Hilo siyo. Kitabu kilikosea."

Mkono kule chini ukasita juu ya majani.

"Saumu mwitu kila jani lina kijiti chake," alisema Walburga, polepole, kama anavyofundishwa mtoto. "Linasimama peke yake. Hayo yako yamekumbatiana, hayana kijiti. Osha mikono kwanza ndipo unuse. Ukiwa na shaka, acha. Mtoto atakula mkate."

Hakuna aliyesogea. Aliyarudia yote toka mwanzo, akayarudia tena, kijiti, kumbatio, mikono, mkate, na jua lilipoanza kuupasua ukungu juu ya mto bado alikuwa akisema, na kule chini ule mgongo ulikuwa umenyooka, ukisikiliza.